Mtumbwi wa Mawe

Saint-Josse, Bruxelles

Kwako Yaya Graciella, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Likasi. Goti lako likoje? Langu linaijua mvua kabla ya redio. Mengine salama, tunamshukuru Mungu.

Bon, Yaya, nimetoka Sweden. Binti yangu Keren anafanya kazi huko sasa, akaniita nikaone mawe. Nilimuuliza kama mawe ya Likasi yamekwisha. Lakini haya ni mengine kabisa: yanamzidi mtu urefu, yamesimikwa kwenye mwinuko ulio juu ya bahari, kwa umbo la mtumbwi. Hauendi popote, kondoo wanajikunia humo migongo. Kando kuna vilima vya udongo, na ndani wamelala wakubwa wa kabla ya Yesu.

Unajua kwetu hatukanyagi kaburi la mtu bila kujitambulisha. Donc nilivua kofia, nikasema kwa sauti kwamba mimi ni Hénock, mtoto wa Mama Mathilde wa Likasi, na sikuja kwa ubaya. Keren akanivuta koti: papa, bantu banakuangalia. Nikamjibu kwamba hata wa chini ni bantu.

Kisha nikamuuliza mama aliyekuwa akitutembeza, mwenye kilima hiki anaitwa nani, nimsalimu vizuri. Akasema hakuna ajuaye, wala jina wala lugha yake. Nikajivuna. Nikamwambia Keren amtajie huyo mama jina la nyumbani la bibi yake. Keren akasema Mathilde. Nikangoja. Hakuwa na lingine.

Yaya, miaka yote nimebishana nawe kwamba mtu alale alipoangukia, nawe ukisema Mama alale pembeni ya Papa, hadi simu zetu zikawa fupi. Kaburi lake la hapa Bruxelles ni la muda, na muda unaisha. Wamesimika kibao juu yake: familia ijitokeze.

Nimejitokeza. Sikuomba muda mwingine. Nimeomba wamtoe, asafiri. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungenikatiza kwa kushangilia.

Andaa mahali pembeni ya Papa. Jiwe lisiwe refu, tumeona faida yake. Nitakuja na Keren. Msimamishe hapo, umfundishe kumwita bibi yake kwa jina la nyumbani.

Wasalimie bamama wa kanisa, na goti lako ulipake mafuta, kazi ipo.

Ni mimi mdogo wako,
Hénock, mtoto wa Ngoie