Springi ya Simba Mnadani

Jumapili, jioni. Baridi ya Julai imetushika vizuri na mlima haujaonekana tangu asubuhi, ila mimi leo sina haja nao. Nina furaha ya kutosha kuota moto.

Mkiona herufi zimepishana humu, mnisamehe. Nachapa kwa mkono wa kushoto, na sababu itakuja yenyewe.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, na nina ugonjwa wa springi. Si za godoro. Ni zile za kubana kwa kiganja, mishikio miwili na springi juu, za kuupa mkono nguvu. Nilianza kwa sababu ya mkasi. Msimu wa sare za shule nilikuwa nakata vitambaa mpaka vidole vinakufa ganzi, nikashauriwa nibane springi. Mkono ukapona, mwenyewe nikaharibika. Nikaanza kutafuta za zamani, ambazo hazitengenezwi tena, viwanda vyake vilishafungwa. Sasa hivi springi ndizo zinazokaa kwenye kabati la vyombo, sufuria zimehamia chini ya meza.

Wateja wananiita Mama Springi. Mume wangu ndiye hajawahi kulitumia jina hilo hata siku moja. Yeye husema tu, "wewe na vyuma vyako".

Halafu kutafuta chuma cha zamani huku kwetu kuna balaa lake, maana watu wanajua moja kwa moja kwamba unatafuta mali aliyoificha Mjerumani enzi za vita. Nilipoulizia sokoni Himo, habari ikazunguka kwamba ndani ya springi za zamani kuna zebaki, ile inayosemekana kuuzwa kwa mamilioni. Jamaa mmoja wa pale, mnunuzi wa vyuma chakavu, akaanza kunifuatilia na kununua kabla yangu. Nilimweleza kwa utulivu kwamba ndani ya springi kuna springi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mwongo asiye na kipaji.

Niliyoitamani kuliko zote ni ya simba. Mishikio yake ni ya shaba, na kwenye kila mshikio pamegongwa simba mdogo aliyekaa. Niliwahi kuiona kwenye picha tu, katika kundi letu la wakusanyaji mtandaoni, ambako watu wazima wanaililia. Ndipo mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya michezo hapa mjini akanipa fununu. Enzi za baba yake waliwahi kuleta chache, akasema, na moja ilinunuliwa na mwalimu wa michezo kutoka Machame, ambaye aliibana palepale kaunta huku anaongea habari nyingine.

Nikapanda Machame.

Mwalimu alishafariki. Nilimkuta mjane wake, Bibi Aikaeli, uani, ng'ombe wake wakitafuna majani ya migomba. Nikatoa shikamoo, nikanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama nilivyolelewa. Aliitikia marahaba vizuri kabisa, lakini mkono wake ukabaki ndani ya kanga. Nikabaki nimenyoosha wangu hewani. Nilijua tayari: habari za zebaki zimefika mpaka huku, na bibi amenichukulia tapeli.

Alinikaribisha ndani hata hivyo. Na pale mezani, ndani ya kikombe cha bati, pamoja na kalamu na miwani, simba wangu amekaa.

Siwafichi, niliuliza bei kabla sijakaa. Lakini Bibi alisema haiuzwi, na alivyolisema hilo niliona hakuna pa kusukumia. Akaanza kumimina chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika, akaniomba radhi. Hapo ndipo nikaelewa. Mwaka jana, akanieleza, alipata kiharusi. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu.

Nanyi mnajua mambo yetu. Mkono wa kushoto humpi mtu. Bibi aliyefundisha wajukuu wote wa kihamba kile, shamba la ukoo, kusalimia kwa adabu angewezaje yeye kuwapa watu wa kushoto? Basi akaacha kusalimia. Kanisani alikuwa anakaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya wimbo wa kufunga, ili asikutane na mikono ya watu mlangoni. Harusi ya mjukuu wake ilikuwa inakaribia, na alishawaambia watoto wake kwamba atabaki nyumbani na ng'ombe.

Hospitali walimwambia abane kitu kila siku. Naye kitu cha kubana alichokuwa nacho ni springi ya marehemu, inayowashinda vijana wa mazoezi wenye mabega kama milango.

"Hainisikii," aliniambia. "Ilikuwa inamsikia mwalimu tu."

Kwenye mkoba nilikuwa na springi yangu ya kijani. Ndiyo ya kwanza niliyowahi kuwa nayo, laini, mishikio ya mbao, kiwanda chake kilishakufa na sijawahi kukutana na nyingine. Huwa natembea nayo. Ningependa kuandika kwamba niliitoa papo hapo. Ukweli ni kwamba niliinywa chai yote kwanza, nikaongezewa, nikanywa na hiyo.

Kisha nikaitoa. Nikamwonyesha namna ya kuanzia na vidole viwili, namna ya kupumua, namna ya kupumzika. Nikamwambia ni ya kuazima. Njia nzima ya kurudi mjini nilijisikia kama mzazi aliyemwacha mtoto bweni. Mume wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia hapo Bibi akawa ananipigia simu jioni. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anaweka simu mezani, anabana springi karibu nayo ili nisikie mishikio ikigusana. Mwanzoni nilisikia pumzi zake tu, na ng'ombe kwa mbali. Nikawa nasema vizuri bibi, kesho tena. Siku moja niko kwenye cherehani napachika zipu, simu ikaita, pumzi ikavutwa ndefu, halafu nikasikia "ta".

Kasauti kadogo ka mbao kwa mbao. Nililia juu ya gauni la mteja.

Sasa nije kwenye leo.

Bibi aliagiza kwamba Jumapili hii twende kusali kwao, mimi na mume wangu, na tusikose. Hakueleza. Tukafika, na cha kwanza nilichokiona ni kwamba benchi la mwisho yeye hayupo. Amekaa mbele, na wimbo wa kufunga ameuimba mpaka mwisho.

Tulipotoka nje ukaanza mnada wa sadaka kama kawaida. Mzee wa kanisa akanadi mkungu wa ndizi, akanadi kuku, akanadi parachichi. Halafu akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kitu, akakigeuza, akakosa hata jina lake. Akasema ni sadaka ya shukrani ya Bibi Aikaeli, kwa ajili ya mkono wake.

Simba wangu. Ameshikwa juu, katikati ya washarika, pembeni ya kuku.

Nilitaja bei haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Watu wakacheka. Mara nyuma yangu sauti ikaongeza, nikageuka. Jamaa wa Himo. Sijui nani alimwambia, ila amevaa koti la Jumapili na uso wa mtu aliyekuja kuchukua zebaki yake. Nikaongeza, akaongeza. Nikaongeza tena huku najumlisha kichwani magauni ambayo bado sijayashona. Akaongeza bila hata kupepesa.

Nikaacha kuongeza. Nilikuwa nimefika mwisho, na mwisho wenyewe nilishaupita kidogo. Nilimwona simba akikatwakatwa na msumeno kwenye kibanda cha Himo ili atolewe zebaki asiyonayo, na niseme wazi kwamba roho iliniuma sana. Mzee akauliza kama kuna wa kuongeza. Akauliza mara ya pili.

Kutoka kule kwenye kundi la wanaume, mtu akaongeza. Akaongeza kwa kishindo, mpaka jamaa wa Himo akakuna kichwa, akaanza kutazama kuku.

Alikuwa mume wangu. Kiasi alichotaja nakijua, ni cha matairi ya pikipiki yake, aliyokuwa akiyasubiri tangu mvua za masika.

Kwenye minada yetu, anayeshinda huulizwa kitu anampa nani. Wengi humpa mchungaji, au mgeni. Mzee wa kanisa akauliza, washarika wote wakamgeukia mume wangu, mwanamume ambaye hata kanisani husali kimoyomoyo.

Akakohoa. "Mpeni Mama Springi wangu," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale sitavieleza, vitaharibika nikivieleza.

Bibi Aikaeli akamnyang'anya mzee ile springi, akasema ataikabidhi mwenyewe. Akanijia taratibu, kanga iko mabegani, mikono yote miwili nje, watu wote wanatazama. Akaniwekea simba kiganjani kwa mkono wa kulia. Nikasema shikamoo bibi. Akasema marahaba, na badala ya kuurudisha mkono wake akanishika wangu, akabana.

Akabana kweli. Alikuwa amezihifadhi salamu za mwaka mzima, akanipa zote mimi. Nilisubiri aachie, hakuachia. Mwisho ilibidi mimi, Mama Springi wa Moshi mjini, nimwombe bibi wa watu aniachie. Akaniachia akicheka, akaendelea na mstari, mkono kwa mkono, mpaka kwa jamaa wa Himo. Naye nilimwona akikunja uso.

Harusini atakwenda. Na springi yangu ya kijani, nilipoiulizia kwa upole, aliniambia hiyo nisahau.

Kesho kuna sare za watu zinasubiri mkasi, na baba wa nyumba hii ataendelea na matairi yake yaliyolika, nimtafutie namna. Simba yuko kabatini. Nimejaribu kumbana, bado upana wa kidole mishikio igusane. Nitajaribu tena mkono ukipoa.

Kwa sasa wa kulia nimeulaza kwenye maji ya uvuguvugu. Una alama za vidole vya Bibi Aikaeli, vyote vitano.