Kaka Kanasa Mbele ya Wakwe

Shosti, kaka mkubwa kanasa. Kainama hapo sebuleni, hawezi kunyooka.

Unakumbuka alivyomcheka dada, yule mnyanyua vyuma wetu, kila dada alipomwambia akunje magoti na akaze tumbo akinyanyua kitu? "Kabebe vyuma vyako huko." Leo kanyakua mtungi wa gesi miguu imenyooka, mgongo ukagoma. Mbele ya wakwe zake.

Mbele ya wakwe, shosti.

Dada hakumkimbilia. Alimaliza chai yake kwanza, kisha akachuchumaa akamtazama usoni. "Kaka, nikufundishe au nisikufundishe?"

"Nifundishe."

"Wakwe hawajasikia."

Akarudia kwa sauti, machozi yanamlengalenga. Ndipo dada akamshika, akamlaza.

Akipona ataanza kujifunza kunyanyua kwa mpini wa ufagio. Dada kashawaalika wakwe waje kutazama.