Mahindi Aliyokula Karani

Lyamkena,
Makambako.
16 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Anderson,

Kamwene. Bwana Yesu asifiwe. Hujambo wewe, hajambo Jane, na Emanuel amepona kile kikohozi? Huku kwetu mvua imegoma kukata tangu mwisho wa Februari. Ukungu unalala barabarani mpaka saa nne asubuhi, na nguo nikizianua jioni zina unyevu, kesho yake nazirudisha kambani. Mwili wangu ni mzima. Cherehani inaenda.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mwezi huu nimekupigia mara tatu, na kila ukipokea naishia kukuuliza kama huko Kasulu kuna joto. Neno lenyewe halitoki. Nimeona niliandike, maana karatasi hainikatizi.

Ni habari za Karani, mbwa wa Baba.

Unakumbuka tulipomaliza matanga Mdandu, mwezi wa kumi, nilimchukua mimi, pamoja na viroba viwili vya mahindi vilivyobaki na sanduku la nguo za Baba. Sanduku nililiweka chumba cha nyuma nikafunga mlango. Mahindi sikuyagusa. Niliona ni jasho lake la mwisho, siwezi kusonga ugali wake nikala nikashiba. Nikasema afadhali ale Karani, yeye ndiye aliyekaa naye. Nikawa nasaga kidogo kidogo, nampikia, nachanganya na utumbo wa buchani ili anenepe.

Hakunenepa. Alikonda mbavu zikaonekana, na manyoya yakawa yanabaki mkononi nikimshika. Hayo ningeyavumilia. Lakini kila akishakula, baada ya muda kidogo anaanza kuzunguka uani, mzunguko uleule, upande uleule, kama anatafuta kitu alichoangusha. Kisha anaingia ndani moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha nyuma, anaweka paji la uso kwenye ubao, anasukuma. Habweki. Hakwaruzi. Anasukuma tu, macho wazi, udenda unamtoka, hata saa nzima. Ukimwita hasikii.

Mchana kweupe, Anderson. Nimekaa kwenye cherehani, nasikia ule mlango unalia. Mteja ananiuliza, "Kuna nani huko ndani?" Namwambia hakuna mtu.

Nitakuambia ukweli. Niliamini ni Baba. Niliamini Karani anamwona mle ndani na mimi ndiye nimefungwa macho. Nikaanza kumjibu. Mlango ukilia nasema, "Nakusikia, Baba. Sema unachotaka." Nilimwita mwinjilisti, akasimama pale akaomba, na Karani akaendelea kusukuma mpaka amina. Nikadhani labda Baba ana njaa, nikaongeza chakula. Siku niliyompa Karani nyama nyingi kuliko siku zote ndiyo siku aliyonirukia akaning'ata mkono. Kesho yake asubuhi alikuwa mpole, anataka kunilamba kidonda, kama hajui nani kanifanyia.

Hospitali walinichoma sindano za kichaa cha mbwa. Majirani wakasema apigwe. Ndipo akaja Brayson, kijana wa mifugo wa hapa, kuamua kama Karani auawe. Alimwangalia siku kumi mfululizo, asubuhi na jioni. Siku ya mwisho alimfunua kope, akaniita.

"Mama, tazama hapa."

Weupe wa jicho ulikuwa wa njano. Ufizi nao wa njano. Mimi nilikwisha kuiona njano ile, na wewe uliiona, machoni mwa Baba, juu ya mto wa hospitali.

"Hiki si kichaa," Brayson akasema. "Kichaa kingekuwa kimeshamuua. Huyu anaumwa ini. Anakula nini?"

"Anakula vizuri kuliko mimi," nikamjibu. "Anakula mahindi ya marehemu baba yangu."

"Naomba niyaone."

Alitumbukiza mkono kwenye kiroba mpaka kwenye kiwiko, akatoa bonge. Punje zilikuwa zimeshikana, zina unga wa kijani kama majivu ya majani mabichi. Juu ya kiroba yalikuwa safi kabisa, Anderson. Mimi nilikuwa nachota kwa bakuli bila kutazama, nikienda kusaga.

"Nyie mnakula haya?"

"Hapana."

"Msije mkayala. Na kuku msiwape."

Alinieleza taratibu. Ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa mabichi. Haiishi kwa kusaga wala kwa kupika. Inakula ini, na ini likichoka, uchafu wa chakula, hasa nyama, unapanda kichwani. Mbwa anapotewa na akili kwa saa kadhaa baada ya kula, anazunguka, anasukuma ukuta, anang'ata hata anayempenda. Nilivyokuwa nikizidisha utumbo ndivyo nilivyokuwa nikimpoteza.

Basi tukabadilisha. Wali laini, yai la kuchemsha, mtindi kidogo, mara nne kwa siku na kila mara kiasi cha kiganja. Nyama hapana. Na dawa ya maji, tamu, ya kumlainisha choo. Mahindi tuliyamwagia mafuta ya taa tukayachoma shimoni, na Brayson alisimama mpaka yakaisha.

Wiki ya tatu Karani aliacha kuzunguka. Akala, akalala juani, akabwekea pikipiki kama mbwa wengine. Mlango ukanyamaza. Ungedhani nilifurahi. Nilikaa kwenye cherehani na kitambaa mapajani, nikisikiliza, na hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Siku ile ndiyo nilimkosa Baba mara ya pili.

Sasa nisikilize vizuri.

Yale mahindi niliyapukuchua mimi. Juni ile niliyokwenda kumsaidia kuvuna, nilikuwa na sare za shule za kushona kabla shule hazijafunguliwa, nikataka kurudi Makambako haraka. Baba alitaka yakae darini juu ya moto wa jikoni, kama alivyofanya miaka yote. Alichukua punje akaing'ata mbele yangu, akasema, "Beatha, hili bado lina maji." Nikamwambia, "Yatakaukia kwenye kiroba, Baba." Nikayapukuchua, nikayajaza, nikayapanga sakafuni, nikapanda gari. Alininyamazia kwa sababu alikuwa ananionea huruma na kazi zangu.

Nilikwenda na kadi ya matibabu ya Baba mpaka hospitali. Daktari aliisoma akasema ini lilikuwa limeharibika, na sumu ya chakula inawezekana, lakini hakuna kipimo kilichobaki cha kuthibitisha. Kwa hiyo sijui. Hakuna atakayejua. Hapo ndipo ninapoishi sasa.

Lakini kuna tunachokijua, wewe na mimi. Siku ya mazishi Karani alimrukia Shangazi Yunisi akitokwa na povu, na wewe ukasema mbele ya watu wote, "Hata mbwa anamjua aliyemuua." Ukasema mbona yeye aliyekuwa akimpikia hakuugua. Ukamzuia kutupa udongo kwenye kaburi la kaka yake. Mimi nilisimama pembeni yako, na sikusema kitu, kwa sababu moyoni nilikubaliana nawe. Shangazi hali ugali tangu vidonda vya tumbo vimpate, Anderson. Anakula viazi. Sisi sote tulijua.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mdandu. Nilimkuta jikoni, amekonda, anamenya viazi viwili tu. Hata waimbaji wenzake kanisani wanaacha nafasi kwenye benchi anapokaa. Nilipiga magoti nikamweleza yote: mbwa, ukungu, haraka yangu ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Nilidhani pia, Mungu anisamehe, kwamba nimemletea nafuu, kwamba sasa ameoshwa.

Aliweka kisu chini, akasema, "Kumbe ni mahindi."

"Ni mimi, Shangazi," nikamwambia.

Hakunisikia. Alikuwa anatazama mikono yake. "Alisema ugali mchungu," akasema. "Mara mbili alisema. Nikamwambia ni mdomo wa mgonjwa, dada yako nimekusongea, kula. Akala kwa ajili yangu."

Anderson, miezi mitano alibeba maneno yetu akiwa wima, kwa kuwa alijua hana kosa. Mimi nimempelekea ukweli, na ukweli ndio uliomkalisha chini. Ema, jirani yake, alinipigia juzi. Anasema Shangazi hasongi tena wala hapiki. Sufuria amezifunika. Akiletewa chakula anakula kidogo, na mtoto wa jirani akimkaribia akiwa na bakuli anamwambia aende kwao, asile hapa.

Nimeshamwambia mchungaji, na Jumapili ijayo nitasimama kanisani Mdandu niseme kilichotokea na kosa ni la nani. Hilo ni langu. Lakini liko lako, na siwezi kulifanya kwa niaba yako. Likizo ya Pasaka ikifika, njoo. Usije na zawadi, usije na maneno mengi. Nitakuwa nimepeleka mahindi makavu, niliyoyang'ata mimi mwenyewe. Ingia jikoni kwake, keti, umwambie una njaa, akusongee. Kisha ule mbele yake mpaka sahani ibaki nyeupe, na uombe nyongeza.

Msalimie sana Jane, na umbusu Emanuel kwa niaba yangu. Brayson, ambaye humjui, naye amesema nikusalimu. Mungu wa wazazi wetu akulinde njiani, akulete hapa salama, na atupe sote wawili ujasiri ambao mwezi wa kumi hatukuwa nao.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikusubiriye,

Beatha