Saidi wa Chumba cha Uani

Bibi yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana tangu uondoke hamna anayeivuta kama wewe. Ni mimi Zuhura, mke mwenzio, yule asiyeweza kukaa kitako. Nipo dukani Kariakoo, spika ya jirani inapiga kelele za bei ya mashuka, na mimi nimeinamia karatasi kama nafanya mtihani. Jana tumekusomea arobaini. Kuna kitu kimetokea, yaani nikikaa nacho nitapasuka.

Kwanza watu walijaa! Turubai lilitoka mlangoni kwetu mpaka kwenye lile ghorofa jipya, na walinzi wa ghorofa nao wakaja kula. Pilau lilikuwa zuri, ila sio kama lako, usijali.

Sasa. Unakumbuka nilipokuwa darasa la nne? Mwalimu aliuliza mashujaa wa uhuru ni kina nani, nikasimama kifua mbele nikasema babu yangu Saidi alikufa vitani akipigania uhuru. Mwalimu akacheka. "Vita gani, wewe? Uhuru wetu ulikuja bila damu." Darasa zima likanizomea, muongo, muongo. Na mimi nilikuwa na uhakika! Kila kisomo cha nyumbani, wakitajwa marehemu wetu, wa mwisho alikuwa Saidi bin Mwinyimvua. Mwinyimvua ni baba yako, kwa hiyo Saidi ni kaka yako, kwa hiyo ni babu yangu. Hesabu rahisi.

Nikarudi nalia. Ulikuwa unachambua mchele, hata hukunyanyua kichwa. "Mke mwenzangu, mwalimu kasema kweli na wewe umesema kweli. Kafa kwa ajili ya uhuru. Ila wa jirani."

Ndio siku niliyojua. Kwamba alikuwa mpangaji, chumba cha uani, kijana wa Kimakua kutoka Msumbiji, aliyekuja Dar kama wenzake wengi kujiandaa kwenda kumtoa Mreno kwao. Kwamba hata hilo Saidi lilikuwa jina la vita, la kwao alilificha ili ndugu zake wasiteswe. Kwamba alikufundisha kupika kisamvu kwa karanga, na kwamba wali alikuwa anauunguza kila siku na anaula huku anausifia. Asubuhi aliyoondoka alikwambia, "Dada, nisiporudi, nitajeni kwenye kisomo. Kwetu hawajui nilipo." Halafu siku moja akaja mwenzake kuchukua begi, akanywa maji, akasema Saidi hatarudi, akaenda zake. Hakusema ni wapi. Jina la baba yake hukulijua, ukamwazima la baba yako.

Tangu hapo, kila Siku ya Mashujaa nikiona kwenye tivii wanavyoweka mashada pale Mnazi Mmoja, na mkuki na ngao, na tarumbeta ile ya jeshi, nasisimka mwili mzima. Napenda. Lakini macho yangu yanamtafuta Saidi. Hapa hayumo, vita haikuwa yetu. Kwao nako sijui kama yumo, maana jina silo. Alikuwa na sehemu moja tu duniani, mdomoni kwako.

Ndio maana niliogopa, Bibi. Sio kaburi. Niliogopa arobaini.

Juzi nikamfuata Ba'mkubwa Hamisi, maana yeye ndiye angetaja majina. Nikamwambia asimsahau Babu Saidi. Akanitazama kama nimemwomba figo. "Saidi yupi? Yule mpangaji? Zuhura, hii ni arobaini ya mama yangu, sio mkutano wa hadhara. Wapangaji wangapi wamepita humu, niwataje wote?" Nikabisha, unanijua. Akasema Mama kapumzika, na mambo yake yapumzike. Kapike.

Basi nikapika. Kisamvu, kwa karanga, sufuria zima. Na nikamwalika Mama Anifa, mteja wangu anayechukua makava ya simu kwa jumla. Ametoka Pemba, sio ya karafuu, Pemba ya Msumbiji. Nikajisemea, asipotajwa, angalau ndani kuwe na mtu wa kwao.

Kisomo kikasomwa. Sisi wanawake ndani, wanaume nje, katikati pazia. Ba'mkubwa akaanza kutaja, sisi tunaitikia amina. Wa kwanza wewe. Tatu binti Mwinyimvua. Hapo nilishindwa, Bibi. Nilizoea kukusikia wewe ukimkumbusha majina kwa ndani, sasa... Basi. Baba yako, mama yako, Babu, shangazi Rehema. Akaishia hapo. Ustadhi akakohoa, aanze dua.

Bi Mwajuma ndiye aliyeita. Jirani yako, miguu haimbebi, ila sauti! "Hamisi! Bado mmoja!"

Mwingine akadakia, "Bado wa uani!" Halafu wote, mabibi wale waliokaa kwenye visomo vyako miaka na miaka, mimi nikidhani wanangoja pilau tu, kumbe wamemshika. "Yule wa Tatu!" "Au tutoke tumtaje wenyewe?" Na Bi Mwajuma tena, "Hamisi, mtu alikuwa anakubeba mgongoni ukilia usiku, leo unamwita mpangaji?"

Hilo nilikuwa silijui. Sidhani kama hata Ba'mkubwa alilijua. Halafu kule nje ikaja sauti yake, sio ile aliyonifokea, nyingine, nyembamba, kama ya mtoto. "Na Saidi bin Mwinyimvua."

Amina iliyotoka mle ndani, nadhani uliisikia.

Baadaye tunakula, Mama Anifa akaonja kisamvu, akaacha kutafuna. "Hiki cha kwetu. Nani kawafundisha?" Nikamweleza mbiombio, nachanganya maneno, machozi yananitoka na kijiko mkononi. Akasema kwao nako kuna siku ya mashujaa, wanaweka maua, na mama yake kila mwaka huweka ua moja pembeni, la wale wasiojulikana walikolala. Akaniomba jina. Nikamwambia sio lake la kweli, na la baba ni la kuazima. Akasema, "Mungu anamjua. Nipe hilohilo." Anaondoka nalo kesho, pamoja na makava yangu.

Asante, Bibi. Asante kwa kunipa babu ambaye hata damu hatuchangii. Asante kwa kumtaja kwa sauti mbele za watu, mwaka hadi mwaka, kumbe ulikuwa unatukaririsha wote. Na asante kwa kisamvu. Ba'mkubwa kapita dukani leo asubuhi, kaweka bakuli mezani. Anataka kilichobaki.

Lala salama. Hata nyumba ikiuzwa, hata ikisimama ghorofa hapo, nitatandika mkeka kwenye ngazi, nitakaa kitako siku hiyo moja, na mtasomwa. Nitaomba muwekwe pamoja, mmefuatana: Tatu binti Mwinyimvua, Saidi bin Mwinyimvua. Mgeni akisikia atasema hao ndugu wa tumbo moja.

Sitamsahihisha.

Mke mwenzio,
Zuhura