Keki za Sara Zisipakwe Kitu

Baba Edwin,

Keki ndogo za sherehe ya sendofu ya Sara ziko hapa mezani, nimezifunika kitambaa. ~~Zikipoa, zipake ile krimu ya waridi.~~ Hapana, nimefuta. Usizipake kitu.

Unajua mdogo wangu alivyotusumbua wiki nzima na mapambo. Mara anataka waridi, mara shanga za sukari, mara majani. Mimi nilidhani ni madeko ya bibi harusi. Leo asubuhi nikapamba tatu za mfano, nikamwambia, "Sara, chagua moja, wageni wa bwana harusi wanatoka Bunda saa hizi."

Akaziangalia, machozi yakaanza kumtoka. "Dada, nikichagua ndiyo imekwisha. Gasper simtaki. Nitamwambiaje Baba, na ng'ombe wa mahari ameshawapokea?"

Nikauweka chini mfuko wa krimu, nikamwambia avae viatu.

Ndiyo maana tunakwenda Butiama kwa Baba. Unamjua, akishatoa neno harudi nyuma. Sijui nitaanzia wapi, na nikishindwa sijui nitamrudishaje huyu mtoto hapa.

Uji wa watoto uko kwenye chupa. Wageni wakifika, wakaribishe chai na keki hivyo hivyo. Wakimuulizia Sara, sema yuko na dada yake. Zaidi ya hapo usiseme, nakuomba.

Ananiita nje, viatu ameshavaa. Tangu posa ije, sijawahi kumwona ana haraka ya kwenda popote.

Mama Edwin