Kutu ya Upanga

Jeppestown, Jumanne

Basi, imeisha. Mthamini alichomoa mpini wa ule upanga wa Kijapani, alioniachia bibi niliyemuuguza, akatazama chuma kilichofichwa ndani yake, akauliza:

"Nani amekwangua kutu hapa?"

"Mimi, mzee," mume wangu akajibu kwa fahari. "Nimepiga msasa, kama panga zetu nyumbani."

Kumbe kutu ile ndiyo iliyoonyesha umri wake, karne na karne, na jina la mhunzi lililochongwa hapo limefutika pamoja nayo; bei ya upanga nayo imekwisha. Nilitaka kuuuza nikamwone mama Bujumbura kabla haja...

Tuliposimama kwenye roboti, taa za barabarani, mume wangu aliniuliza polepole, "Lakini si ulikuwa unang'aa?"

Nikamwambia ndiyo, ulikuwa unang'aa sana.