Jenerali Hajapimwa Masikio

Nyumbani kwako, chumba cha wageni
Jumatano, 14 Mei

Mpendwa mwana wa kaka yangu,

Salamu kwanza, hasira baadaye. U mzima? Kifua kimepoa? Huku tunaendelea vizuri, na magoti yangu bado yananiruhusu kupanda ngazi zenu.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mtoto akitoka hospitali anapumua, basi amepona. Sikulitegemea kwako.

Nikueleze kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu wa ukunga. Mwanao alipozaliwa, mishipa ya damu ya mapafu ilikataa kufunguka. Damu ikawa haichukui hewa ya kutosha, ndiyo maana akakaa kwenye mashine siku tisa. Wengi waliopita njia hiyo hukua vizuri. Lakini baadhi huchelewa kutembea au kusema, na wengine hupoteza usikivu polepole, hata kama walifaulu kipimo cha kwanza. Daktari aliandika arudishwe kupimwa akiwa na miezi sita. Wewe ukamwambia mkeo, "Usimpeleke, utamtafutia ugonjwa." Nani alikupa udaktari?

Sasa mwanao huyo, Jenerali wetu, ana miezi kumi na sita, hana hata neno moja. Nilipokuuliza kwenye simu, ukacheka: "Shangazi, wanaume wa kwetu huchelewa kusema, kisha hawanyamazi!" Wakati huo mkeo alikuwa kando yangu akifuta machozi.

Tena ukajitapa kwamba ulipokuja likizo ulimpima mwenyewe: uliangusha sufuria nyuma yake, akageuka. Baba, sakafu yenu ni ya mbao! Alisikia mtikisiko kwa makalio. Jana nilimketisha kitandani, nikatikisa funguo nyuma ya kisogo chake, kisha nikamwita kwa sauti ile iliyokuwa ikikutoa wewe mafichoni. Aliendelea kuvua soksi.

Sisemi ni kiziwi. Hilo watasema wapimaji. Akiwa hasikii, kuna vifaa, na kuna lugha ya alama, naye atazungumza nasi. Lakini kila mwezi tunaokaa bila kujua, anakosa maneno ambayo wenzake wanayaokota bure.

Mkeo haogopi hospitali. Anakuogopa wewe, na hilo ndilo limeniudhi kuliko yote.

Baba yako anakusalimu. Nawe nisalimie shemeji yako unayeishi naye. Mungu akulinde kazini na akulainishe shingo.

Leo, ukimaliza kusoma, mpigie mkeo simu umwambie ampeleke mtoto akapimwe masikio.

Shangazi yako akupendaye